Farasi 300 kwa Bajeti ya Mtaa: Venye Unaweza Jenga Injini Kali ya Subaru Bila Kuilipua

Hii ni ya wasee wa Kware, Kitengela na Kajiado yote wenye wako na Impreza ama Forester ya turbo kwa ploti, ka-savings kadogo kwa M-Pesa, na ndoto ya farasi 300. Hiyo ndoto inawezekana. Shida ni kwamba wengi hununua farasi kabla wajenge boma. Turbo kubwa inafungwa Jumamosi, busti inapandishwa Jumapili, na Jumatatu ndai inavutwa na kamba ikienda kwa fundi, pistoni imepasuka. Doo ya mwaka mzima imeenda na wikendi moja.

Nguvu yenyewe haina bei sana siku hizi. Kuiweka hai ndio bei. So hapa tutafuata mpango wa kuweka doo penye injini huwa inakufia, kisha nguvu ije nyuma. Tutatumia injini ya Subaru EJ20 ya turbo kama mfano ju ndio imejaa huku, lakini hesabu ni ile ile hata ukiwa na Toyota, Mitsubishi ama Golf.

Kwanza, farasi 300 ni ngapi?

Probox ya 1500cc iko na farasi kama 109. Kwa hivyo 300 ni karibu Probox tatu ndani ya bonneti moja. Forester ya turbo ya SG5 ilitoka Japan na 220. Impreza WRX ya miaka ya 2000 ilitoka na 250. STI iliandikwa 280.

Hiyo 280 iko na story yake. Kutoka 1989 hadi 2004, kampuni za magari za Japan zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280. Ndio maana Supra, Skyline GT-R, Evo na STI zote zilisema 280 kwa karatasi, hata zile zilikuwa zinatoa zaidi. Kwa hivyo namba ya brosha ni mahali pa kuanzia tu.

Farasi hupatikana kwa vitu viwili: msukumo wa krenki (newton-mita) na mizunguko kwa dakika. Farasi 300 ikipatikana kwa mizunguko 6,000 inamaanisha injini inasukuma kama newton-mita 356. Na msukumo hutoka kwa hewa. Injini ni pampu ya hewa. Ukiingiza hewa mingi na petroli ya kutosha kuichoma, unapata nguvu.

Kitu kingine: msee akikuambia ndai yake iko na 300, muulize kama ni kwa krenki ama kwa tairi. Subaru ya kuvuta tairi nne hupoteza sehemu kubwa kwa giaboksi na difu kabla nguvu ifike chini. Gari la 300 kwa krenki likisoma 240 kwa daino, hakuna mtu amekuibia.

Kitengela iko juu, na hewa yake ni nyepesi

Hii part wasee wengi huilenga, na ndio inaua injini nyingi.

Kitengela iko kama mita 1,500 na kitu juu ya bahari. Hewa hapa iko na presha ya karibu 0.84 ya ile ya Mombasa. Injini bila turbo inapoteza kama asilimia 16 ya nguvu bila kuharibika chochote. Injini ya farasi 150 pale Likoni ni kama 126 hapa. Usilaumu plagi.

Turbo inasaidia ju inasukuma hewa kwa nguvu, lakini inalipa. Tuseme geji yako inasoma busti ya baa 1. Mombasa, hiyo ni baa 1 juu ya hewa ya baa 1, jumla baa 2. Turbo imezidisha hewa mara mbili. Hapa Kitengela, ni baa 1 juu ya 0.84, jumla 1.84. Turbo imezidisha hewa karibu mara 2.2. Imefanya kazi kubwa kuliko ya Mombasa na bado umepata hewa kidogo. Ukitaka kufikia ile baa 2 kamili ukiwa hapa, lazima turbo izidishe mara 2.4. Inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, na hewa moto ndio huleta nok.

Mambo mawili yanatoka hapo. Moja, usicopy namba ya busti ya YouTube kutoka kwa msee wa Uingereza ama Florida. Yeye yuko karibu na usawa wa bahari. Mbili, kama umetyuni hapa na busti inashikiliwa na springi tu, siku utashuka Mombasa ile ile baa 1 itakuwa hewa zaidi kwa kama asilimia 9, tena kwa joto la pwani. Injini ilikuwa sawa Kware inaweza anza kunoki ukifika Mariakani. Mwambie mtu wako wa tyuni aache nafasi.

Ushike injini gani?

- EJ20 turbo (Subaru): cc 1,994, silinda nne zimelala. Spea ziko kila kona na kila fundi ameshawahi kuifungua. EJ205 ya WRX na Forester ikiwa na afya hubeba farasi 300 na ndani yake ya kiwanda, bila kubadilisha pistoni. Hiyo peke yake inakuokolea doo mob.
- 1JZ-GTE (Toyota): cc 2,492, silinda sita, bloku ya chuma. Ilitoka na 280 tayari. Ni ngumu kuua, lakini kupata moja safi ni kazi, na kuiweka kwa Mark II yenye haikuwa nayo inamaanisha waya, giaboksi na propela.
- 4G63 (Mitsubishi Evo): cc 1,997, bloku ya chuma, inapenda busti. Ndai zenyewe ni chache na wenye wanazo wanajua bei.
- Golf GTI: Mk6 ilitoka na 210 hivi. Remapu ya laptopu peke yake huipeleka 250 na kitu. Hii ndio njia fupi kushinda zote, kama injini haina ugonjwa.

Kama tayari unamiliki ndai ya turbo, baki nayo. Kuweka turbo kwa Vitz ama Probox yenye ilizaliwa bila ni kutupa ganji. Pistoni, kompresheni, giaboksi na kompyuta zote zinakupinga, na ukimaliza umetumia pesa ya kununua WRX.

Gawa mia moja

Bei za spea hubadilika na dola, kwa hivyo wacha tufanye hesabu kwa asilimia. Kila shilingi 100 uko nayo, igawe hivi:

- Shida zenye hujaziona: 10
- Afya ya injini: 25
- Hewa (turbo, intakula, ekzosti): 15
- Petroli (injekta, pampu): 15
- Baridi na oil: 10
- Tyuni na geji: 15
- Klachi na breki: 10

Kama umesave 500K, ni 50K ya shida, 125K ya afya, 75K ya hewa, 75K ya petroli, 50K ya baridi, 75K ya tyuni, 50K ya klachi na breki. Cheki venye turbo, kitu yenye kila mtu anaiongelea, iko ndani ya ile 15 ya hewa. Ukiona mpango wa mtu uko na 60 ya turbo na sufuri ya tyuni, huyo anapanga matanga.

Hatua ya 1: Afya

Kabla ununue chochote, pima injini.

*Kompresheni.* Fundi atoe plagi zote, afunge geji, azungushe. Namba kubwa si muhimu kama silinda zote kufanana. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ikizidi asilimia 10, kuna story. Na kumbuka tuko juu: geji husoma chini hapa kuliko ile namba ya kitabu, ju hewa yenyewe ni nyepesi. Usikubali kuuziwa injini mpya ju ya hiyo.

*Kuvuja.* Kipimo cha kuvuja ni kizuri hata zaidi. Hewa ya kompresa inaingizwa kwa silinda na unasikiliza inatokea wapi. Ikitoka kwa shimo la oil, ringi zimechoka. Ikitoka kwa ekzosti ama intek, valvu. Mapovu kwa radieta, hedi gasketi.

*Mkanda wa taiming.* Kwa EJ, mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe na pampu ya maji pamoja. Hii ni kazi ya bei ndogo yenye inalinda kazi yote ingine.

Injini ikipita hizi tatu, usiifungue. Kuna mafundi wanapenda kufungua tu ndio waonekane wamefanya mboka. Injini ya kiwanda yenye iko sawa inashinda injini imefungwa vibaya chini ya mti na vumbi ya marram ikipeperuka.

Ikifeli, sasa fungua, na usimamie vitu viwili. Cha kwanza ni nafasi ya ringi. Kwa injini ya turbo, piga kipenyo cha silinda mara 0.005. Silinda ya EJ20 ni milimita 92, kwa hivyo nafasi ni kama 0.46. Ikiwa ndogo kuliko hiyo, ringi ikipata joto inapanuka, ncha zinagusana, na pistoni inapasuka. Fundi akisema ringi "zinaingia tu hivyo zimetoka kwa boksi", mwambie apime mbele yako. Cha pili ni nafasi ya oil kwa beringi: kama milimita 0.05 kwa krenki ya size hiyo. Inapimwa na uzi wa plastiki wa kupima, na ni bei rahisi. Macho ya fundi, hata akiwa mkali aje, hayaoni sehemu ya mia ya milimita.

Hatua ya 2: Hewa

Turbo ndogo ya TD04 kwa WRX huchoka karibu na farasi 250. Njia ya mtaa ni kutafuta turbo ya VF kutoka kwa STI. Nyingi huingia mahali pale pale bila kukata chuma. Chunga tu: STI nyingi za Japan za kuanzia miaka ya 2000 ziko na turbo ya njia mbili, na hiyo inataka manifoldi yake. Uliza kabla ulipe.

Ukinunua turbo imetumika, fanya hivi palepale dukani. Shika shafti, isukume kando kwa kando: kucheza kidogo ni kawaida. Isukume mbele na nyuma: haifai kucheza kabisa. Angalia mapanga kama yameliwa ama yamegusa ukuta. Angalia ndani ya njia ya hewa kama kuna oil mob. Moja ya hizo ikifeli, rudisha.

Intakula ya STI ya juu ya injini hukaa vizuri kwa WRX na inatosha kwa 300. Ile kubwa ya mbele inaonekana fiti kwa picha lakini inataka bomba, kukata bampa na doo yenye ungetumia kwa tyuni.

Ekzosti: bomba la kutoka kwa turbo ndio muhimu, lile linalofuata turbo moja kwa moja. Kutoboa tu ile ya nyuma inaongeza kelele. Kelele nayo iko na sheria, kanuni za NEMA za 2009, na iko na majirani wenye watoto wanalala saa mbili.

Filta: baki na boksi ya kiwanda na filta mpya. Huku kwetu ni vumbi ya marram. Ile filta ya koni wazi inavuta hewa moto ya bonneti, na vumbi ikipita inasugua mapanga ya turbo na ukuta wa silinda kama msasa.

Hatua ya 3: Petroli

Hesabu ni hii. Injini ya turbo inakunywa kama pauni 0.6 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Farasi 300 mara 0.6 ni pauni 180. Gawa kwa injekta nne, kila moja 45. Injekta haifai kufanya kazi zaidi ya asilimia 80, kwa hivyo gawa na 0.8: 56. Zidisha na 10.5 kupata cc kwa dakika: karibu 590. Injekta za WRX ya kiwanda hazifiki hapo. Pampu inafaa kutoa angalau lita 110 kwa saa chini ya presha, na kwa ubavu. Zile pampu za lita 255 za ndani ya tangi zinatosha, lakini feki zimejaa, na feki hufa ukiwa umekanyaga, wakati mbaya kabisa.

Lita 110 kwa saa ni karibu lita 2 kila dakika ukikanyaga mpaka mwisho. Weka hiyo pia kwa bajeti ya maisha.

Alafu oktani. STI na Evo za Japan zilipangwa kwa petroli ya huko ya premium, yenye oktani karibu 100. Super ya kawaida ya pampu zetu iko chini ya hapo. Kwa hivyo ramani ya kiwanda ya Japan tayari iko pembeni hapa kwetu, hata kabla uongeze busti. Ukijenga 300, jaza petroli ya oktani ya juu kila wakati, na utyuniwe ukiwa na hiyo hiyo. Kutyuni na nzuri kisha kujaza ya bei rahisi mwisho wa mwezi ndio njia ya haraka ya kununua pistoni.

Plagi: shuka daraja moja kwa ubaridi, kwa NGK ni kutoka 6 kwenda 7, na nafasi ya cheche iwe kama milimita 0.7 ndio busti isizime cheche.

Hatua ya 4: Baridi na oil

Kwa mita 1,500, maji huchemka kama nyuzi 95. Kifuniko cha radieta ndicho kinapandisha hiyo namba kwa kushikilia presha. Kifuniko cha zamani kimechoka springi, na hiyo ni spea ya bei ndogo kuua injini ya bei kubwa. Kibadilishe.

Usiweke maji ya borehole. Maji ya huku iko na chumvi, unaona kwa sufuria. Ndani ya radieta inafanya vile vile. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini.

Kwa EJ zenye turbo na kamu za kubadilisha taiming, kuna kichujio kidogo sana ndani ya boliti ya bomba la oil inayoenda kwa turbo. Oil chafu inakiziba, turbo inakosa oil, inakufa, na vipande vinaingia kwa injini. Fungua, safisha ama badilisha. Bomba la kufyonza oil ndani ya sampu nalo hupasuka kwa zile za zamani. Ukiwa umefungua sampu, badilisha. Kisha cheki oil kila wiki. EJ hula oil, na ikishuka, kona moja kali inatosha kukausha beringi.

Hatua ya 5: Tyuni, penye wengi hukwama

Turbo, injekta na pampu bila tyuni ni kama kumpa mtoto gari. Kompyuta ya injini haijui umebadilisha chochote.

Habari njema kwa msee wa bajeti: kwa Subaru nyingi za miaka ya 2000 kuna programu ya bure, RomRaider, yenye inasoma data ya injini kwa laptopu, na EcuFlash yenye inaandika ramani mpya kupitia kebo ya Tactrix OpenPort. Kwa ndai zenye kompyuta haifunguki kuna Speeduino na MegaSquirt, kompyuta za kujijengea. Hizi ni za mtu yuko tayari kusoma usiku.

Lakini usijifundishie kwa injini yako ya pekee. Nunua geji ya hewa na petroli, ile ya waidbendi, kabla ununue rimu. Ukiwa umekanyaga kwa busti, inafaa isome kati ya 11 na 11.8. Ikipanda kuelekea 13 ukiwa kwa busti, ondoa mguu sasa hiyo. Rekodi data, lipa mtu mwenye anaeleweka, ama tafuta mtyuni wa mbali mwenye unamtumia data anakurudishia ramani. Muulize maswali mawili: atasikiliza nok aje, na ataacha nafasi gani ya kushuka pwani. Akicheka, hepa.

Anza na busti ya chini. Kama uliifungua injini, pita kilomita 1,000 za kuizoesha na ubadilishe oil mapema, kisha panda polepole.

Hatua ya 6: Klachi, giaboksi, breki

Klachi ya kiwanda itateleza. Giaboksi ya gia 5 ya WRX inajulikana kwa kuvunja meno ukiachilia klachi kwa fujo. Ile ya gia 6 ya STI ni ngumu zaidi lakini ni mradi mwingine. Kwa bajeti, baki na 5, tia klachi kali kiasi, na ujifunze kuondoka kama mtu mzima.

Breki si ya kujadili. Pedi nzuri, diski safi, mafuta mapya ya breki, tairi zenye tarehe yake haijapita. Ndai ya 300 na tairi za mitumba imepangwa kugonga kitu.

Spea bila kesi

Kirinyaga Road, Grogan na Kariobangi utapata karibu kila kitu. Utapata pia vitu vya moto. Kifungu cha 322 cha Penal Code kinashika mwenye anashikilia mali ya wizi, na kifungo kinafika miaka 14. Chukua risiti iko na jina la duka, namba ya injini na tarehe. Piga picha ya namba kabla ilipwe.

Ukibadilisha injini nzima, badilisha kwa logbook pia. NTSA iko na utaratibu wa hiyo, na ndai hupitia ukaguzi. Mwambie mtu wa bima umeongeza nguvu. Ukinyamaza, siku ya ajali ndio watakumbuka kuangalia bonneti, na kesi itakuwa yako peke yako.

Utaijaribu wapi?

Si Namanga Road. Hapo kuna matrela ya kwenda mpakani, boda bila taa, na watu wanavuka kwenda stage na mboga mkononi. Kila mtu mtaani anajua jina la mtu aliyebaki hapo, na gari la farasi 300 hufika penye mtu anavuka kabla akuone.

Mahali pako: Kenya Motor Sports Federation inasimamia mbio na leseni zake, kuna otokrosi, na kuna Kiamburing TT ya lami kule Kiambu. Hapo kuna ambulensi, helmeti na saa inayosema ukweli. Pia ndipo utajua kama umejenga injini ama umejenga kelele.

Ukidhani nguvu peke yake ndio hushinda, rudi 1994. Safari Rally ya mwaka huo ilichukuliwa na Mkenya, Ian Duncan, na Toyota Celica Turbo 4WD. Nambari 4 alikuwa Mkenya mwingine, Patrick Njiru, ndani ya Subaru Impreza WRX ya Group N, daraja la ndai zenye haziruhusiwi kubadilishwa sana kutoka kiwandani.  Yake ilifika.

Maswali wasee huuliza

*Naeza fanya polepole, mwezi kwa mwezi?* Ndio, na ndio njia poa. Mfuatano: afya, baridi na oil, breki, geji, petroli, klachi, turbo na tyuni siku moja. Usifunge turbo ukisubiri doo ya tyuni ikuje.

*Ni sawa kuondoa kifaa cha kupima hewa?* Achana nacho. Kompyuta ya Subaru inakitegemea.

*Nitajuaje inanoki?* Sauti kama kokoto kwa mkebe ukikanyaga. Lakini nok ya kuua mara nyingi husikiki juu ya ekzosti, so tegemea data ya laptopu.

*Ikiwa doo inatosha turbo ama tyuni, lakini si zote?* Tyuni. Ramani safi kwa turbo ya kiwanda itakupa farasi za kuhisi kesho, na injini itakuwa hai mwaka ujao ukipata ya turbo.